Farasi wa Minecraft hana babu

Hili la wachezaji kudai farasi wa mchezo wa Minecraft "hubeba jeni ya madoa" sasa limezidi. Habebi kitu. Kwenye toleo la Java, lile la kompyuta, ana rangi 1 kati ya 7 na alama 1 kati ya 5: mtupu (bila alama), soksi nyeupe, mabaka meupe, madoa meupe, madoa meusi. Basi. Hakuna jeni tawala, hakuna babu, hata dume na jike hakuna.

Ukiwazalisha wawili, mchezo unapiga kura mbili zisizojuana. Ya rangi: nafasi 4 kati ya 9 kwa mzazi huyu, 4 kwa yule, 1 bahati nasibu. Ya alama: 2 kati ya 5, 2, na 1. Bahati nasibu nayo huweza kuangukia alama ileile, kwa hiyo wazazi wote wakiwa na madoa meupe, mtoto huyapata kwa asilimia 84. Akiwa nayo mmoja, 44. Asipokuwa nayo hata mmoja, 4. Hiyo 4 ndiyo inayozaa hadithi za "kafuata ukoo".

Hadithi nyingine inazaliwa na macho. Madoa meusi juu ya farasi mweusi karibu hayaonekani. Mtu anamwita mtupu, anamzalisha na mweupe, kinatoka kitoto cheupe chenye madoa meusi, kelele: jeni imeruka kizazi! Haikuruka popote, ilikuwa mgongoni kwa mzazi, nyeusi juu ya nyeusi. Subiri mchana, umkague ubavu kwa karibu kabla ya kumlisha ili azae.

Na neno "adimu" mliache. Porini alama zote 5 zina nafasi sawa. Kundi moja huwa na rangi moja, alama mbalimbali. Tafuta kundi la rangi yako kwanza, ndipo uchague alama. Rangi ikiwa kwa mmoja na alama kwa mwingine, kitoto chenye vyote viwili hutoka takriban 1 kati ya 5. Wazazi hupumzika dakika 5, kitoto hukua kwa 20.

Fikra hii imetoka kwa farasi wa kweli, na huko ina mashiko. Nakala moja ya jeni iitwayo LP humpa madoa. Mbili humfanya awe na madoa machache sana, na gizani haoni. Wazazi wawili wenye nakala mojamoja huzaa asiye nayo kabisa mara 1 kati ya 4, kwa hiyo babu ana kesi ya kujibu. Hata hivyo, weupe utaenea kiasi gani? LP peke yake haisemi. Jeni nyingine, PATN1, ikiwepo huenea sana, na bado nisingeweka dau kwa kumtazama mzazi tu.

Turudi mchezoni: ili wazae, walisheni karoti za dhahabu. Kuitengeneza, karoti moja inakula chembe 8 za dhahabu; tofaa la dhahabu linakula vipande 8, kila kipande chembe 9, na halibadilishi kura hata chembe. Na mkimchanganya na punda mtapata nyumbu, madoa kwaheri.