Je, wajua kwa nini jani la mtama hufunga matundu yake mchana, na homoni zipi huamua?

Pita kwenye mashamba ya mtama ya Bahi au Chamwino mwezi wa pili, mvua ikiwa imekatika kwa wiki mbili. Saa saba mchana majani yamejikunja, lakini hayajafa. Matundu yake madogo, yaani stomata, yamebanwa ili maji yasitoke.

Kila tundu lina seli mbili linzi. Zikijaa maji hutanuka na tundu hufunguka. Zikipungukiwa hulegea na tundu hujifunga. Maji yenyewe hufuata chumvi. Asubuhi mwanga, hasa wa buluu, huamsha pampu zinazotoa ioni (chembe zenye chaji) za hidrojeni nje ya seli, potasiamu ikaingia na maji yakaifuata.

Homoni kuu ya kufunga ni asidi ya absisiki. Udongo ukikauka, mizizi hupeleka habari juu na jani lenyewe huitengeneza homoni hii kwa wingi. Kwenye seli linzi hunaswa na protini pokezi, zilizotambuliwa mwaka 2009. Pokezi ikishainasa, hukizuia kimeng'enya ambacho muda wote kilikuwa kinakibana kingine kiitwacho OST1. OST1 ikiwa huru hufungua milango ya kutolea kloridi na naitreti, kalisi hupanda ndani ya seli, pampu za asubuhi hupungua nguvu, potasiamu hutoka na maji nayo hutoka. Yote haya huanza ndani ya dakika chache.

Maelezo mengi huishia hapo, na hapo ndipo yanapopotosha. Seli linzi haisikilizi homoni moja, inapima uwiano. Saitokinini, homoni inayotengenezwa kwa wingi mizizini, pamoja na homoni nyingine iitwayo oksini, kwa kawaida huliacha tundu wazi na kupunguza makali ya absisiki. Kwa hiyo mizizi ikikauka mambo mawili hutokea pamoja: absisiki inaongezeka, saitokinini inayopanda inapungua. Homoni ya ethilini ni ngumu zaidi kuielewa. Ikiwa peke yake inaweza kulifunga tundu, lakini katika majaribio ya Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, ilipokutana na absisiki iliuzuia ufungaji. Asidi ya salisili, homoni nyingine, nayo hufunga tundu bakteria wanapoligusa jani. Ila bakteria Pseudomonas syringae hutengeneza koronatini, sumu inayoiga homoni ya jasmoni, ambayo huipunguza salisili na kulifungua tundu wapate kuingia.

Mkulima wa zabibu anaweza kuutumia uwiano huu. Tandaza mipira miwili ya kumwagilia kwa matone, mmoja kila upande wa mstari, na umwagilie upande mmoja tu. Mizizi mikavu hutuma ishara ya kubana matundu, huku mizizi yenye maji ikiunywesha mzabibu. Badilisha upande kila baada ya siku 10 hadi 14, mapema zaidi kwenye udongo wa kichanga. Ukichelewa sana, mizizi mikavu huacha kupeleka ishara na matundu hufunguka tena. Kosa jingine ni kuweka mipira karibu mno hadi maji yanavuja upande wa pili. Hapo hakuna mizizi mikavu, na ishara haipo.

Sasa tazama kiduha, gugu linaloishi kwenye mizizi ya mtama na uwele. Mtama ulioshambuliwa huwa na absisiki nyingi na hubana matundu hata udongo ukiwa na unyevu, hivyo hauingizi hewa ya ukaa ya kutosha kutengeneza chakula. Kiduha chenyewe karibu hakiisikii absisiki. Matundu yake hubaki wazi, na maji ya mtama huvutwa kuelekea kwake. Mbegu zake huamshwa na strigolaktoni, homoni ambayo mizizi huimwaga udongoni hasa fosforasi ikiwa haba. Ndani ya mmea homoni hiyohiyo husaidia kufunga matundu! Ndiyo maana samadi na mbolea hupunguza kiduha, kwa kuwa mizizi iliyoshiba humwaga strigolaktoni kidogo. Kung'oa peke yake hakuokoi mtama wa msimu huo, maana kiduha kinapochomoza juu kimeshaunyonya kwa wiki kadhaa chini ya ardhi. Hata hivyo king'oe kabla hakijatoa mbegu: mmea mmoja huzaa maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi.