Je, wajua kilichoipa sekstanti usahihi wake?

Wengi hudhani siri ya sekstanti, kile chombo ambacho mabaharia walipimia kimo cha jua au nyota juu ya upeo wa macho, imo katika vioo na darubini yake. Sivyo. Vioo vilikuwa vikifanya kazi tangu John Hadley alipoonyesha oktanti yake, chombo kilichotangulia sekstanti, mwaka 1731. Kilichowatesa mafundi ni vialama vya digrii vinavyochorwa juu ya tao la shaba la kusomea kipimo.

Tena vioo ndivyo vilivyozidisha ugumu. Shika kioo juani, kigeuze digrii 10, na doa la mwanga ukutani litahama digrii 20. Kwa sababu hiyo tao la sekstanti lina digrii 60 tu lakini huandikwa hadi 120, na kialama kikikosewa, kosa husomeka maradufu. Kwenye tao lenye nusukipenyo cha sentimita 25, dakika moja ya kipimo, yaani sehemu ya 60 ya digrii, ina nafasi ya milimita 0.036 hivi. Baharini, dakika hiyo ni maili nzima ya baharini, mita 1,852.

Aliyegawanya tao kwa bikari alipunguza kosa kwa kukuza chombo. Sekstanti ya fundi John Bird ya mwaka 1757 ilikuwa na nusukipenyo cha karibu nusu mita, mzigo mkubwa kwa mtu aliyesimama juu ya sitaha inayoyumba.

Jesse Ramsden wa London alilimaliza jambo hili katika miaka ya 1770 kwa mashine ya ajabu: gurudumu la kipenyo cha inchi 45 lenye meno 2,160 ukingoni, yakishikwa na parafujo. Fundi alikanyaga pedeli, parafujo ikazunguka mara moja, gurudumu likasogea jino moja tu, yaani dakika 10. Kisha ncha kali ya chuma ilivutwa juu ya tao lililofungwa hapo, ikaacha mstari. Kwa sababu ya vioo, mstari huo ulihesabiwa dakika 20. Kichwa cha parafujo kiligawanywa sehemu 60, kila moja sekunde 10.

Hatari kubwa ilikuwa katika kulifunga tao. Kitovu chake kikipishana na kitovu cha gurudumu hata kidogo, mistari hubanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, na jicho halitambui.

Mwaka 1777 Bodi ya Longitudo ya Uingereza, iliyotafuta njia ya kujua longitudo baharini, ilimlipa Ramsden pauni 615, kwa sharti kwamba awafundishe mafundi wengine kuitengeneza mashine hiyo.