Kope Likivimba, Nataka Kuliona Jicho Lenyewe

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili, na chini yake ni kulegea tu, hakuna cha kuzuia maji yasijae. Hata kuumwa na mdudu kunatosha kulifumba jicho zima kwa usiku mmoja. Kwa hiyo ukubwa wa uvimbe hauniambii mengi.

Mimi huanza kwa kuuliza: ni jicho moja au yote mawili? Yakivimba yote na yanawasha, nafikiria mzio. Yakivimba yote bila kuwasha wala kuuma, tena asubuhi zaidi, nafikiria figo. Niliwahi kuletewa mtoto aliyetiwa matone ya mzio kwa wiki kadhaa. Tulipopima mkojo, ulikuwa na protini nyingi mno. Niliumia sana, maana kipimo hicho ni cha dakika chache. Sasa mtoto wa namna hiyo haondoki kwangu bila kupimwa mkojo.

Likiwa jicho moja, natumia kidole. Kijipu kinachouma ukingoni mwa kope ni chokea, nacho hupoa kwa kukandwa na kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Uvimbe wenye maumivu kando ya pua, chini ya pembe ya ndani ya jicho, hunielekeza kwenye kifuko cha machozi. Ila uvimbe wa kope unaorudi palepale kwa mtu mzima naukata kipande kiende maabara: ipo saratani ya tezi za mafuta inayofanana nao.

Ninachokiogopa hasa ni kope jekundu, lenye joto, pamoja na homa. Ndani ya kope mna utando. Maambukizi yakiwa mbele yake, mara nyingi antibiotiki za kumeza zinatosha. Yakiwa nyuma yake, mara nyingi yametoka kwenye sainasi, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, ambavyo ukuta wake upande wa jicho ni mwembamba kama karatasi. Hapo mtu anaweza kupofuka, hata kufa. Kwa nje, hali hizi mbili hufanana.

Basi nalifunua kope, hata mtoto akilia. Jicho limesukumwa mbele? Linageuka kila upande bila maumivu? Linaona vizuri, na kitu chekundu likikitazama hakionekani kimefifia kuliko kwa jicho la pili? Kasoro moja tu, mgonjwa analazwa siku hiyohiyo, anaanzishiwa dawa za kupitia mshipani na kupigwa picha ya CT, inayoonyesha ndani ya kichwa.

Ndugu wengi hunitumia picha za kope kwa simu. Jibu langu ni moja: mleteni nilione jicho.