Si kila kisigino kina nyuso tatu

Michoro mingi ya anatomia huonyesha mfupa wa kisigino ukikutana na talasi, mfupa ulio juu yake, kwenye nyuso tatu: kubwa ya nyuma, ya kati, na ndogo ya mbele. Wengi hutoka darasani wakiamini kila binadamu yuko hivyo. Sivyo. Kwa watu wengi sana uso wa kati na wa mbele zimeungana zikawa uso mmoja mrefu, mara nyingi wenye kiuno katikati kama soli ya kiatu. Wengine hawana wa mbele kabisa. Huo si ugonjwa, wala hautokani na kutembea peku: mwaka 1965 watafiti Bunning na Barnett waliikuta tofauti hiyo hata kwa vijusi.

Kwa daktari wa upasuaji wa mifupa, jambo hili si dogo. Katika upasuaji wa Evans, unaorefusha kisigino ili kurekebisha unyayo bapa, mfupa hukatwa takriban sentimita 1.5 nyuma ya kiungo chake na kuboidi, mfupa ulio mbele yake, kwa kulenga mwanya kati ya uso wa kati na wa mbele. Mwanya usipokuwepo, msumeno hupasua gegedu, tabaka laini linalofunika nyuso za kiungo. Picha ya CT inaweza kuonyesha mapema kama upo. Eksirei ya kawaida mara nyingi haitoshi.