Chuma si baridi kuliko ubao: mkono wako unapima nini hasa?

Gusa mguu wa chuma wa meza, kisha gusa ubao wake wa juu. Chuma utakisikia baridi, ubao hutausikia hivyo. Sasa weka kipimajoto kwenye kila kimoja. Ikiwa vimekaa chumba kimoja tangu jana na havijapigwa na jua, vyote viwili vina nyuzijoto zilezile, sawa na hewa ya chumba. Katika maonyesho yetu ya sayansi kwa umma, hili huzua ubishi kuliko mengine yote, nami nalipenda kwa sababu kila mtu anaweza kulihakiki mwenyewe.

Ngozi ya kiganja huwa na nyuzijoto 33 hivi. Chumba kikiwa na nyuzijoto 25, kila kitu kilichomo kina joto dogo kuliko mkono, kwa hiyo ukikigusa, joto linatoka kwako kwenda kwenye kitu hicho. Kinachotofautiana ni kasi. Chuma hulipokea joto na kulisambaza mbali upesi, hivyo pale ulipogusa hapapati moto na mkono unaendelea kupoteza joto. Ubao hulipitisha taratibu mno. Sehemu ndogo iliyo chini ya kidole inapata joto mapema, inakaribia kulingana na ngozi, na joto halina tena haraka ya kuondoka. Kwa kulinganisha, aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko ubao mkavu. Na neva zako, yaani mishipa ya fahamu, hazina njia ya kujua nyuzijoto za meza. Zinachojua ni nyuzijoto za ngozi yenyewe, na jinsi zinavyobadilika.

Anayebisha mpe barafu. Chukua vipande viwili vilivyolingana, weka kimoja juu ya sufuria ya aluminiamu iliyopinduliwa na kingine juu ya kibao cha kukatia. Kabla ya kuviweka, waache watu waguse sufuria na kibao, halafu waulize barafu ipi itayeyuka kwanza. Wengi huchagua ile ya kibao, kwa hoja kwamba sufuria ni ya baridi, basi itaitunza barafu. Dakika chache tu na kipande cha sufuria kinaelea kwenye maji yake, kinateleza huku na huko ukikigusa kwa ncha ya kidole, kingo zote zimeshalika. Cha kibao bado kina pembe zake. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunahitaji jouli 334 za joto (jouli ni kipimo cha nishati), na sufuria inazifikisha upesi kwa sababu ileile iliyoifanya inyang'anye mkono joto. Watoto wakiona hapo huomba lirudiwe, na tunarudia.

Tabia ya ubao, ya kupitisha joto taratibu, imeokoa maisha ya wanaanga. Vyombo vya anga vya Marekani vilivyoruka kati ya 1981 na 2011, vikirudi duniani kama ndege, vilivikwa vigae vya nyuzinyuzi za silika. Zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wa kigae ilikuwa nafasi tupu yenye hewa, na hewa iliyonaswa hivyo hupitisha joto vibaya kuliko hata ubao. Kigae kilichotolewa kwenye tanuri ya nyuzijoto zaidi ya 1,000, ndani kingali chekundu, kiliweza kushikwa kwenye kona zake kwa vidole vitupu bila kuunguza. Kilikuwa na moto wa kutisha, ila hakikuweza kuutoa kwa kasi ya kudhuru ngozi.

Jaribio jingine linahitaji mabakuli matatu ya maji: ya baridi, ya vuguvugu, na ya moto unaovumilika. Tumbukiza mkono mmoja kwenye baridi na mwingine kwenye moto kwa dakika moja, kisha ingiza yote miwili kwenye vuguvugu. Maji ni yaleyale, lakini mkono mmoja utasema ni ya moto na mwingine utasema ni ya baridi. Kwa hiyo nawasihi wazazi: ukitoka kufua kwa maji ya baridi kisha ukashika paji la uso la mtoto, mkono huo unaweza kukuambia ana homa wakati hana. Kuna ubaya zaidi mkono wenye joto unapokuambia ni mzima. Ukiwa na shaka tumia kipimajoto; kwapani, nyuzijoto 37.5 au zaidi huhesabiwa kuwa homa.

Hata kemikali zinaweza kuzidanganya neva hizi. David Julius alitumia kiini cha ukali wa pilipili kugundua protini ya neva inayoamshwa pia na joto la kuanzia nyuzijoto 43 hivi, ndiyo maana pilipili "inaunguza" bila kuwa na moto. Yeye na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, walitumia mentoli ya mnanaa kuipata protini ya baridi. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021.

Tumalizie na feni, maana hapa kosa linagusa afya. Feni haipozi chumba. Umeme wote inaotumia huishia kuwa joto, kwa hiyo chumba kilichofungwa kitazidi kupata moto kidogo, na kuiacha ikizunguka bila mtu ndani ni kupoteza umeme bure. Inachofanya ni kuondoa hewa yenye unyevu karibu na ngozi ili jasho likauke upesi, na kila gramu ya jasho inayokauka huchukua jouli 2,400 hivi, mara saba ya zile za barafu. Lakini hewa ikizidi nyuzijoto 40, feni inakupulizia joto. Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike katika hali hiyo. Lowesha ngozi kwa maji, kunywa maji, na uhamie penye ubaridi.