Je, wajua kwa nini mulini hautoi maua Unguja?

Jirani yangu wa Fuoni ana bustani nyuma ya nyumba, si kubwa: mrehani, mchaichai, mlimau mmoja na asumini iliyopanda ukutani. Tangu mwaka juzi bustani hiyo ina mgeni. Binti yake anayeishi Uingereza alimletea pakti ya mbegu za mmea ambao kule huota wenyewe kando ya reli na kwenye vifusi, na majani yake hutumiwa tangu zamani kwa kikohozi. Jina lake la kitaalamu ni Verbascum thapsus, Waingereza wanauita mullein, na kwa kuwa Kiswahili hakina jina lake nitauita mulini.

Juu ya pakti pana picha ya fimbo ya maua ya manjano, ndefu kupita kimo cha mtu. Alichokipata jirani yangu ni duara la majani yaliyolala chini, makubwa na mazito, yenye rangi ya kijani kilichofifia na manyoya laini kama ya sikio la mwanambuzi. Siku moja akaniita nikautazame. "Mwanangu, mwaka wa pili huu. Samadi naitia, maji natia, na ua hata moja sijaliona. Ardhi yetu ina nini?"

Ardhi yetu haina kitu. Mulini wake unasubiri baridi, na baridi unayoisubiri haipo Unguja wala Pemba.

Huu ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutandaza majani chini na kuteremsha mzizi mmoja mnene, ambamo huweka akiba ya chakula. Mwaka wa pili hupandisha shina moja lililonyooka, mita mbili na wakati mwingine zaidi, likiwa na maua madogo ya petali tano yanayofunguka machache machache kwa wiki nyingi. Kila ua huishi siku moja tu. Hufunguka alfajiri, alasiri limeshajikunja, na kama nyuki hakupita hujichavusha lenyewe kabla ya kufunga. Shina moja linaweza kuzaa mbegu zaidi ya laki moja. Zikishakomaa, mmea wote hufa.

Baina ya mwaka wa kwanza na wa pili, huko kwao Ulaya na Asia, pana majira ya baridi. Tuchukue kwamba mulini umeota mwezi wa Juni na kufikia Septemba umeshanenepa. Ukipandisha shina wakati huo, theluji itauwahi maua yakiwa bado hayajazaa, na nguvu zote zimepotea. Kwa hiyo unahitaji alama ya kuuhakikishia kwamba baridi imeshapita. Siku chache za joto hazitoshi kuwa alama, maana hata kabla ya theluji huja siku za joto. Alama yenyewe ni urefu wa baridi: wiki nyingi mfululizo za joto la chini, baina ya nyuzi sifuri na takriban kumi, zinazopita juu ya mmea uliokwisha kuwa mkubwa kiasi. Mche mdogo hata ukipigwa na baridi hiyo haupokei habari.

Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Gustav Gassner, alilionyesha jambo hili katika nafaka mwaka 1918, kwamba aina za ngano na shayiri zinazopandwa kabla ya majira ya baridi hukawia au hushindwa kutoa masuke zisipopitiwa na baridi. Siku hizi, katika mimea iliyochunguzwa kwa karibu zaidi, inajulikana hata kinachotokea ndani. Kwenye kitovu cha mmea, pale majani mapya yanapochipukia, kuna jeni inayozuia maua, mfano wa komeo mlangoni. Kila wiki ya baridi hulegeza komeo hilo kidogo kidogo, na likishafunguka halirudi hata joto likirejea. Mmea hauna ubongo, lakini unakumbuka baridi ya miezi iliyopita. Mimi jambo hili hunishangaza kila nikilifikiria.

Sasa tazama hali yetu. Kipupwe chetu cha Julai na Agosti, tunachokivalia sweta alfajiri tukienda sokoni, ni usiku wa nyuzi 20 hadi 22 hivi. Kwa mulini hiyo si baridi hata kidogo. Wala hatuna mlima wa kukimbilia. Kilima cha Masingini, mahali pa juu kabisa Unguja, hakizidi mita 120 na kitu juu ya bahari, na Pemba ni chini ya hapo. Hata tropiki, penye mwinuko mulini huchanua vizuri. Kule Hawaii umeenea kwenye miteremko ya juu ya Mauna Kea, mlima wa mita 4,207, mpaka ukahesabiwa kuwa gugu baya. Na nyanda za juu za Ethiopia zina ndugu yake, Verbascum sinaiticum, ambao watu wa huko hutumia kama dawa.

Jirani yangu alinitazama kwa shaka nilipomweleza haya, basi nikamuuliza kuhusu kabeji. Mkulima wa hapa hujiwekea mbegu zake za bamia, za mchicha, za tungule. Je, amewahi kumwona mtu akivuna mbegu za kabeji? Akafikiri, akasema hapana, kabeji mbegu zake za dukani. Ndiyo, na sababu ni hii hii. Kabeji nayo ni ya miaka miwili. Huku hufunga kichwa vizuri kipupwe kikiwa kizuri, lakini ili ipasue kile kichwa na kutoa maua lazima ipitiwe na baridi ya wiki kadhaa. Karoti nyingi zina tabia hiyo hiyo. Tunakula miaka nenda miaka rudi mimea ambayo haijawahi kuzaa mbele ya macho yetu.

Akauliza kuhusu friji. Kimsingi inawezekana, kwa kuwa friji ya nyumbani huwa kama nyuzi 4, na wakulima wa maua wa nchi nyingine huweka miche kwenye vyumba vya baridi kwa kusudi hili. Lakini si mbegu unayoiweka humo. Kuibaridisha pakti hakuleti ua, kwa sababu baridi inatakiwa na mmea wenye majani. Ingebidi aoteshe mulini kwenye chungu mpaka unenepe, kisha auingize wote frijini kwa miezi miwili hivi, na taa ya kuumulika usije ukaoza gizani, na umeme usikatike muda mrefu. Mimi sikumshauri. Friji ile ina samaki na maziwa ya wajukuu.

Na kwa kweli ua silo analolihitaji. Alitaka majani ya chai ya kifua, na majani ndiyo Unguja inayoweza kumpa. Kosa lake lilikuwa samadi. Mulini ni mmea wa ardhi maskini, ya changarawe na chokaa, inayopitisha maji upesi. Katika visiwa hivi, ardhi ya uwanda, yenye mawe ya matumbawe na udongo kidogo, ile ambayo wakulima wa kunde huilalamikia, inaufaa kuliko kinongo kizuri cha mashamba ya mikarafuu. Ukiulisha sana, majani hujaa maji na kulegea, na manyoya hupungua.

Manyoya hayo yana kazi. Huakisi jua kali, huzuia upepo usikaushe uso wa jani, na wadudu wengi wanaotafuna hawapendi kuyapitia. Lakini pale yanapokinga ukame, hudhuru wakati wa masika, maana hushika maji kama pamba, na kitovu kikikaa na maji siku tatu nne mfululizo huanza kuoza. Ndiyo sababu mbegu zipandwe mvua za masika zikishapita, Juni hivi, kwenye tuta lililoinuliwa na kuchanganywa mchanga na vipande vya matumbawe, mahali pa jua la kutwa. Mbegu ni ndogo mno, hazifikii milimita moja, na haziamki bila mwanga. Ukizifukia ndizo umezizika. Zimwage juu ya udongo ulioloa, zikandamize kwa kiganja, nyunyiza maji kwa mkono mwepesi. Miche ikitoka punguza, acha nafasi ya hatua moja baina ya mmea na mmea, na uliyokusudia kuihamisha ihamishe ingali midogo, kabla mzizi haujashuka. Maji utie kwenye udongo, usimwagie majani. Zaidi ya hapo usiushughulikie sana. Vuli na masika uangalie konokono tu, maana miche haijapata manyoya ya kutosha ya kujikinga.

Kuhusu chai yenyewe, manyoya ya jani huwasha koo, kwa hiyo majani yaliyokaushwa kivulini yakishachemshwa lazima yachujwe kwa kitambaa kizito; chujio la chai halitoshi. Mbegu haziliwi kabisa. Zina sumu inayolevya samaki, na Ulaya zilitumiwa kuvulia mitoni kwa njia ile ile ambayo utupa ulitumiwa kwetu, uvuvi ambao leo umekatazwa na ni vizuri umekatazwa, kwani huua mpaka vitoto. Na kikohozi kilichofika wiki mbili si cha chai tena, ni cha kupimwa hospitali.

Nilimwomba kitu kimoja zaidi: asimpelekee mbegu ndugu yake wa Lushoto. Kwa sisi wa pwani mulini hauwezi kuwa gugu, maana usiochanua hauzai. Lakini milima ya Usambara, inayotoa pichi na matufaha, ina baridi zaidi, na mmea wenye mbegu laki moja si wa kufanyiwa majaribio huko. Na mbegu yoyote inayotoka nje ya nchi inapaswa kupitia ukaguzi wa afya ya mimea, hata ikiwa zawadi ya mtoto kwa mama.

Nusu ya pakti imebaki. Alikuwa na haraka ya kuipanda yote mwaka huu isije ikaharibika, nami nikamwambia aiweke kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri, mahali pa baridi penye giza. Mwaka 1879, mwalimu wa chuo cha kilimo cha Michigan, Marekani, William James Beal, alizika chupa 20 zenye mchanga uliochanganywa na mbegu za mimea 21, ili zifukuliwe moja moja baada ya miaka. Chupa ya mwaka 2021 ilifukuliwa usiku, isipigwe na jua. Mbegu zilizoota baada ya miaka 142 zilikuwa za jamii ya mulini. Chupa inayofuata itafukuliwa mwaka 2040.