Rangi Huchanganyikia Kwenye Brashi

Juzi mteja alisimama mlangoni pa karakana yangu hapa Kinangop akanyoosha kidole mezani. "Mama, lile donge la uzi la kijani ulilitia rangi gani?" Nikamwambia asogee alishike. Alipoliinua karibu na macho, kijani kikamtoroka. Kilichobaki mkononi kilikuwa manyoya ya buluu, manyoya ya njano, na hapa na pale vidoa vyeupe vya pamba. Sikuwa nimetia rangi ya kijani popote.

Buluu ilitoka kwenye nili. Njano ni maganda ya vitunguu niliyochemsha na sufu iliyokwisha kulowekwa kwenye maji ya shabu, chumvi inayoshikisha rangi. Rangi za maji ukizikoroga huyeyukiana, lakini unyoya wa buluu hubaki wa buluu hata ukilala ubavuni mwa wa njano. Jicho la mtu aliye mbali ndilo linaloziunganisha. Ndiyo maana kijani cha namna hii huonekana kama kinapumua, tofauti na uzi uliochovywa mara moja kwenye sufuria.

Kazi yote iko kwenye brashi mbili za meno ya waya. Ya kushoto naiegemeza gotini, meno juu, naijaza sufu nyembamba kiasi cha kuona waya chini yake. Ya kulia naivuta juu yake polepole, meno yakigusana kidogo tu. Ukisikia yanakwaruzana, unakata manyoya. Nikipitisha mara mbili, michirizi ya kila rangi hubaki wazi. Mara nne au tano, rangi hukaribiana. Zaidi ya hapo unaua kila kitu. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilichukua nyekundu na kijani sawa kwa sawa, nikachana kwa bidii ya mwanafunzi, nikapata gramu 800 za uzi wa rangi ya matope. Nilizifanya mto wa kiti, na paka anaupenda.

Kisha kuna urefu, na hapa ndipo wengi huchoka. Sufu ya kondoo aina ya Corriedale ninayonunua kwa majirani hufika sentimita 10 na zaidi. Pamba ni kama 3. Ukivuta uzi, ndefu hutangulia, fupi hubaki nyuma zikikusanyika kuwa vinundu. Mimi hutandaza sufu kwanza, pamba kidogo katikati, sufu tena juu, halafu ndiyo nachana. Na pamba haizidi sehemu moja kwa tano. Nikimaliza nalikunja tandiko kama chapati na kusokota kuanzia ncha. Lazima nitie msokoto mwingi kuliko wa sufu tupu, kwa sababu unyuzi mfupi hushikwa na msokoto, hauna kingine cha kushikilia.

Hariri naipata kwa mafundi cherehani wanaoshona sari. Vipande vidogo navifumua, nakata nyuzi kwa urefu wa vidole viwili, nanyunyizia ninapochana mara ya mwisho. Wageni hudhani ni ubunifu wangu. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu watu wa Sofala, Msumbiji ya leo, waliofuma nguo nyeupe za pamba yao. Hawakuwa na rangi za kutia, kwa hiyo walifumua vitambaa vya buluu vilivyoletwa kutoka Cambay, bandari ya India, na kufuma upya nyuzi hizo pamoja na zao nyeupe. Na huko Kilwa, na Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati: uzito wa pia za kusokotea. Pia yangu ina kisahani cha mbao, lakini hata wao wangeitambua.

Uzi mmoja nausokota kuelekea kulia, kisha nyuzi mbili naziunganisha kuelekea kushoto, ili zitulie zisijikunje. Ukiunganisha uzi wa buluu na wa njano hapa, badala ya kwenye brashi, utapata milia inayozunguka. Nzuri kwa zulia, ila kwenye sweta mimi siipendi.

Kabla ya kufuma sweta, fuma kipande kidogo cha kujaribia, ukioshe. Maji ya moto na kusugua huifanya sufu ijikaze, pamba haijikazi, na kitambaa huishia na makunyanzi ambayo pasi haiyaondoi.

Yule mteja alitaka madonge sita. Nikamweleza kwamba nilipima na kuchana sufu ya manne tu, mawili yameshauzwa, na kwamba nikichana upya leo, hata kwa vipimo vilevile, maganda mapya ya vitunguu yataleta njano nyingine. Mtu akitaka sweta nzima, sufu yote ichanwe kabla sijagusa pia. Aliyageuzageuza yale mawili, akayaweka kwenye kikapu. Alisema mwanawe ana miaka miwili, yatamtosha.